Pijo ya Jimale na Masikio ya Nzivo

Gari lilizima tena.

Lilikuwa likinguruma vizuri mradi Nzivo amekanyaga mafuta. Alipouinua mguu, injini ikashuka, ikatetemeka, ikakohoa, halafu kimya. Mzee Jimale alikuwa amesimama kando ya boneti, mikono ameifumbata nyuma. Afadhali angegomba. Mteja anayegomba bado ana imani na fundi wake. Huyu alikuwa akitazama tu, kwa upole, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa asiye na matumaini, na upole huo ulimchoma Nzivo kuliko tusi.

"Mara ya tatu hii, fundi," Jimale alisema mwishowe.

"Najua, mzee. Leo halitoki hapa likiwa hivi."

"Ruqiyo anafika kesho."

Hilo nalo Nzivo alilijua. Uwanja mzima wa mafundi ulilijua. Ruqiyo ni dada yake Jimale, wa tumbo moja, aliyeondoka Eastleigh akiwa msichana akaenda kuishi ng'ambo, akaolewa huko, akazaa huko, na sasa mvi zilikuwa zimemtoka huko huko. Pijo hii ya rangi ya maziwa, Peugeot 504 ya tangu enzi zile, ilikuwa ya baba yao. Ndiyo iliyompeleka Ruqiyo uwanja wa ndege, yeye akilia kwenye kiti cha nyuma, na Jimale alikuwa ameapa kwamba ndiyo itakayomrudisha nyumbani. Shida ni kwamba kutoka uwanja wa ndege hadi Eastleigh si safari ya kukimbia. Ni foleni. Unasimama, unasogea kidogo, unasimama tena. Na gari hili, kusimama ndiko kulikolishinda.

Sasa, ili uelewe kwa nini kuzima huko kulimtisha Nzivo asubuhi ile, sharti umjue Nzivo ni nani.

Alizaliwa Makongeni, mtoto wa mtu wa reli. Shule aliiacha mapema, si kwa ujinga bali kwa sababu hakuweza kuketi. Alikuwa mtoto wa kupanda kuta na kufungua vitasa. Mjomba wake akachoka kumwona akizurura, akampeleka kwenye gereji moja kule Industrial Area, kwa fundi mkali aliyeitwa Githinji. Githinji alikuwa na sheria moja aliyowatia watu kichwani kwa spana ikibidi: injini haifunguliwi kabla haijasikilizwa. Alimpa Nzivo kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni mwa kijana, ncha nyingine akaitembeza juu ya injini, polepole, sehemu baada ya sehemu. Nzivo akasikia kila kitu. Alisikia valvu iliyolegea, beringi iliyoanza kuchoka, plagi iliyokuwa ikiruka. Alisimulia baadaye kwamba siku ile ndiyo siku ya kwanza maishani mwake kutulia mahali pamoja.

Alipofungua kazi yake mwenyewe katika uwanja wa jua kali, ule wa mafundi wa mabandani, kando ya Juja Road, pale kati ya Eastleigh na Huruma, sifa zake zilikuwa zimemtangulia. "Usifungue injini ovyo, mpelekee Nzivo aisikilize," watu waliambiana. Wenye magari ya zamani hasa, yale yenye kabureta, walitoka mpaka Buruburu na Kayole kumfuata. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nzivo naye alianza kujitapa. Mafundi wengine wakitaka kujua injini inavuta hewa wapi, huimwagia maji kidogo kwenye maungio, wakaangalia kama mngurumo unabadilika. Nzivo aliwacheka. Alisema hiyo ni kazi ya viziwi, na uwanja ukacheka pamoja naye.

Kulikuwa na desturi nyingine pale, na hii ni ya kushika. Gari la mtu halitiwi mdomo. Zamani mafundi wa uwanja ule walikuwa wakinyang'anyana wateja, huyu akipita anasema hili, yule anasema lile, mpaka siku moja watu wawili wakapasuana vichwa kwa vyuma vya jeki kwa sababu ya lori la mtu wa makaa. Wazee wa uwanja wakaketi, Nzivo akiwa mmoja wao, wakakata shauri: aliyefungua boneti, gari ni lake. Ukipita ukasikia linagonga kama sufuria ya githeri, pita zako. Akitaka msaada, atakuita mwenyewe. Na akikuita, kazi ni yenu wawili, na mteja ameona ni nani aliyeitwa. Desturi hiyo ilileta amani kweli. Nzivo aliitetea kuliko wote, na ilikuwa rahisi kwake, maana hajawahi kumwita mtu.

Masikio hayakumwondoka kwa kishindo. Kwanza walitoweka ndege. Nzivo alidhani moshi wa mji umewafukuza, na akalaumu serikali. Kisha simu ikaacha kulia mfukoni, akalaumu simu. Baadaye mkewe Benta akawa anasema maneno yasiyo na ncha, yanamfikia yakiwa yamechakaa, akamlaumu Benta kwa kutafuna maneno. Lakini malori aliyasikia. Radi aliisikia. Injini aliisikia ikinguruma kifuani mwake kama zamani, na kwa hiyo akajiambia kazini bado yuko sawa. Hakujua kwamba sauti nzito ndizo zilizobaki tu, na kwamba nyembamba zote, za juu juu, zilikuwa zimekwisha kwenda zake. Sauti ikiondoka haiagi.

Benta alijua. Mke ndiye ajuaye kwanza. Asubuhi ile ile ya Pijo, alikuwa amesimama mbele yake mezani, nyumbani kwao mtaani Jericho, akamshika kidevu ili amtazame.

"Baba Lorraine, nimekuita mpaka nimechoka."

"Sikusikia. Nilikuwa nawaza."

"Unawaza tangu mwaka jana? Twende kliniki. Nimeuliza, wanapima masikio, hata hawakuchomi sindano."

"Mama Lorraine, niache."

"Mficha maradhi, kifo humfichua."

"Na fundi wa masikio akionekana kliniki ya masikio, nani atamletea gari tena?" Nzivo aliuliza, akachukua kofia yake. "Hao mafundi vijana watanila mzima."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Si mara ya tatu ya Jimale tu. Nzivo alikuwa na mikono na alikuwa na masikio. Mikono kila fundi anayo. Yakijulikana masikio, Nzivo amekwisha, na umri wake si wa kuanza ufundi mwingine. Akatoka nyumbani na hofu hiyo, akaja nayo hadi kwenye boneti ya Pijo.

Aliingia kazini. Kabureta alikuwa ameshaisafisha mara ya kwanza gari lilipoletwa, akapuliza kila tundu. Mara ya pili alibadilisha plagi na pointi. Leo aliivua kabureta tena, akabadilisha gasketi iliyo chini yake, akairudisha, akawasha. Gari likazima. Ilikuwa imebaki dhana moja, na ilikuwa dhana nzuri: injini inavuta hewa mahali pasipostahili. Injini ya petroli hupimiwa hewa na mafuta pamoja. Hewa ikipata mlango wa wizi, mafuta yanakuwa machache, na injini inashindwa kupumua pale tu isipokanyagwa. Nzivo aliyajua hayo kabla hajaota ndevu. Akawasha injini, akamwambia Jimale akanyage mafuta kidogo ili isizime, akatoa kile kipande cha mpira.

Alisikiliza chini ya kabureta. Akasikiliza kwenye maungio. Akafika kwenye mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta ya breki, ile inayousaidia mguu wa dereva usikanyage kwa nguvu zake peke yake. Akautembeza mpira wake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kimya.

Haukuwa kimya. Chini yake, karibu na klipu, mahali jicho halifiki, mpira ule ulikuwa umepasuka ufa mwembamba, nao ulikuwa unalia, sauti nyembamba kama sindano. Kila aliyepita pale aliusikia. Nzivo peke yake, aliyeinama juu yake, kipande cha mpira kikiwa sikioni, hakuusikia.

"Si hapo," akajiambia, na akaifuta dhana ile.

Mbuthia alipita wakati huo akiwa amebeba rejeta begani. Mbuthia alikuwa fundi wa makamo, mwenye banda la pili kutoka lile la Nzivo, mtu wa maneno machache na mikono safi kuliko inavyomstahili fundi. Alipofika usawa wa Pijo alisita. Alitazama boneti, akamtazama Nzivo, akafungua kinywa.

"Unasemaje?" Nzivo aliuliza kwa ukali.

"Nasema hamjambo."

"Hatujambo. Pita."

Mbuthia akapita. Nzivo aliona amekuja kuona aibu yake, akamchukia kwa muda, na chuki ile ikamsaidia kufanya kazi. Jua lilikuwa limepanda. Mtu wa kukata mabati kwenye banda la jirani akawasha grainda, cheche zikaruka, uwanja ukajaa kelele. Jimale alikuwa ameshuka garini, ameipa boneti mgongo, anatazama barabara, na Nzivo aliona tu mkono wake ukipungapunga na mashavu yakicheza. Alikuwa akisema jambo. Alisema kirefu. Halafu akageuka na kumtazama fundi kwa kuuliza.

"Ndiyo," Nzivo alisema, akatikisa kichwa. "Ndiyo, mzee. Nitaliangalia."

Ilikuwa tabia aliyojifunza karibuni, kuitikia. Ukiitikia watu wanaridhika, wanaendelea na mambo yao. Jimale akaridhika pia.

Akiwa hana kingine, Nzivo akafanya lile ambalo Githinji angemvunjia kidole kwa ajili yake. Akachukua bisibisi, akaizungusha skrubu ya kabureta, akaupandisha mzunguko wa injini mpaka gari likawa linanguruma juu juu hata bila kukanyagwa. Akaingia garini, akakanyaga mafuta, akauinua mguu. Injini ikatetemeka, ikasita, ikakaa. Haikuzima. Hakuwa ameponya kitu; alikuwa amemvisha mgonjwa koti. Lakini Jimale alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike, meno yote, na Nzivo akauona uso ule, akashindwa kumwambia ukweli.

"Tukalijaribu," alisema.

Wakaondoka, Nzivo kwenye usukani na Jimale kando yake. Walikwenda Juja Road kidogo, gari likaenda vizuri, wakakata kushoto kwenye ile barabara inayoteremka kuelekea mtoni, nyumba za ghorofa zimeibana pande mbili na nguo za watu zinaning'inia juu. Jimale alikuwa akizungumza juu ya dada yake. Nzivo alikuwa akiitikia. Mteremko ukaanza. Mbele yao, katikati ya barabara, mwanamume alikuwa akishusha mkokoteni wa mitungi ya maji, amejipinda nyuma kuuzuia kwa mgongo wake, na kando yake watoto wa chekechea wameshikana mikono wakivuka na mwalimu wao.

Nzivo akakanyaga klachi na breki. Injini ikatetemeka, ikazima.

Na breki ikageuka jiwe.

Alikanyaga tena. Pedali haikwenda. Pijo ni gari zito, na zito likiteremka haliombi ruhusa. Alisimama juu ya breki kwa miguu yote miwili, akasikia goti likimwuma, gari likapungua kidogo tu. Mwenye mkokoteni hakuwa ameona. Mwalimu alikuwa ameona. Aliinua mikono yote miwili, watoto nyuma yake. Nzivo akaipiga gia ya kwanza, akaiachia klachi ghafla, gari likaruka na kulia, akavuta breki ya mkono mpaka ikagota, akaupinda usukani kuelekea ukuta. Gurudumu la mbele likaingia mtaroni. Gari likasimama limeinama, uso wake ukiwa karibu na mkokoteni kiasi kwamba mtu angeweza kuugusa bila kunyoosha mkono.

Hakuna aliyeumia. Yule mwanamume aligeuka, akaona kilichokuwa nyuma ya mgongo wake, akaketi chini barabarani. Mwalimu alikuwa akiwahesabu watoto kwa kuwagusa vichwa. Nzivo alikuwa bado ameshika usukani.

Jimale alikuwa akisema. Nzivo aligeuza uso ili amwone mdomo.

"Nilikuambia," Jimale alisema, taratibu, uso wake umepauka. "Nilikuambia pale gerejini, breki imekuwa ngumu. Nikakuambia inakuwa ngumu zaidi gari likitaka kuzima. Ukasema ndiyo. Ukasema utaliangalia."

Nzivo aliona maneno yote, moja moja. Breki na kuzima, pamoja. Hata mwanafunzi wa ufundi wa siku ya kwanza akiambiwa hivyo angejua ni mpira wa busta. Yeye aliambiwa, akaitikia ndiyo.

"Mzee, nisamehe," alisema.

"Ningempakia dada yangu humu," Jimale alisema. Hakuwa na hasira hata sasa. Alikuwa akiliwaza tu, akiliona, na akaufunika uso kwa viganja.

Watu wa mtaa walijitokeza, wakalinyanyua gari kutoka mtaroni, likasukumwa kupanda mteremko mpaka barabara kubwa, na kutoka hapo likavutwa kwa kamba hadi uwanjani. Njia nzima Nzivo alitembea kando yake. Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua na aliyajua yote mawili. Angeweza kuubadilisha mpira ule sasa, kimya kimya, akasema ni bahati mbaya, akaokoa jina. Jimale asingejua. Mpira mmoja, klipu mbili, basi. Lakini kila alipoliwaza aliona viganja vya mwalimu vikigusa vile vichwa vidogo. Mpira huu ameujua kwa sababu ameambiwa. Wa gari lijalo atajuaje?

Walipofika, alipiga moyo konde. Hakwenda kwenye banda lake. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mbuthia, aliyekuwa amechuchumaa juu ya rejeta yake.

"Mbuthia," alisema. "Njoo unisikilizie gari."

Watu waligeuka. Mchomeleaji mmoja aliinua kioo kilichomfunika uso. Katika uwanja ule, Nzivo kumwita mtu ilikuwa habari ya kusimulia mpaka Kariobangi, na Mbuthia mwenyewe alikaa kwanza akimtazama, akidhani ni mzaha.

"Mimi, mzee?"

"Wewe. Nakuita mbele ya watu."

Wakaenda. Jimale akawasha injini, skrubu bado iko juu, ikakaa ikitetemeka. Mbuthia hakuinama hata. Hakuchukua chombo chochote. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye boneti, akaonekana kama mtu aliyeulizwa kama ni mchana au usiku.

"Mzee, si ni hiyo mpira ya breki. Inapiga filimbi tangu asubuhi. Sisi wote tunaiskia."

"Mimi siisikii," Nzivo alisema.

"Haiskiki vizuri juu ya kelele, lakini ukisongea..."

"Mbuthia. Siisikii. Sisikii sauti za namna hiyo tena. Masikio yangu yamekufa."

Alilisema kwa sauti, maana hakujua tena sauti yake ina kimo gani, na likafika kila banda. Hakuna aliyecheka. Jimale akaizima injini. Nzivo alisubiri aibu imwangukie, na ikamwangukia kweli, ikamchoma masikio hayo hayo, machozi yakamlenga. Lakini alibaki amesimama.

Mbuthia alichukua koleo, akaomba injini iwashwe tena, akaubana ule mpira kwa nguvu mahali pa juu ya ufa. Nzivo aliweka kiganja chake juu ya kifuniko cha valvu. Aliihisi: ule mtetemo wa kigugumizi ukaisha, injini ikapanda, ikakaa sawa, kwa upole, kama ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Mbuthia akaachia koleo, kigugumizi kikarudi. Akabana tena. Hakukuwa na haja ya maneno. Nzivo aliteremsha skrubu mpaka pale inapostahili, akatafuta kwenye mizigo yake mpira mzuri uliotolewa kwenye Pijo iliyokatwa vipuri, wakaufunga pamoja, huyu akishika, yule akikaza. Wakawasha. Mguu ukainuliwa. Gari likakaa linanguruma chini chini, na wakaliacha hivyo kwa muda mrefu, boneti wazi, watu watatu wakilitazama kama chakula kinachoiva. Nzivo alikanyaga breki. Pedali ikashuka laini. Akalipeleka kwenye mteremko ule ule, peke yake, akalisimamisha pale juu, katikati na chini, na kila mara lilisimama na kuendelea kunguruma.

Jimale alipokabidhiwa ufunguo aliushika muda bila kuuweka mfukoni.

"Kesho nitaenda nayo," alisema, akimgeukia Nzivo uso kwa uso, akifungua mdomo vizuri kama mtu anayezungumza na mgeni. "Ruqiyo nitampakia mimi mwenyewe. Lakini fundi, ulinitisha."

"Nilijitisha pia, mzee."

Jimale akaondoka. Nzivo alimtazama akifika barabarani, akisimama kuwapisha watu, taa za breki zikiwaka, moshi mwembamba ukitoka nyuma. Halikuzima. Akahisi furaha nyepesi ikianza kumjia, na akadhani mambo yamekwisha.

Mbuthia hakuwa ameondoka. Alikuwa akifuta koleo safi kwa kitambaa, akalifuta tena.

"Sema," Nzivo alimwambia.

"Mzee, kuna ile Corolla ya mwalimu Teresiah. Uliitoa wiki jana."

Teresiah alikuwa mwalimu mwingine, wa kule Huruma, mama mmoja mpole mwenye Corolla kuukuu ya kabureta, ambaye jioni huwarudisha nyumbani watoto wa jirani, wamejipanga kiti cha nyuma na mabegi magotini. Gari lake nalo lilikuwa likizima likisimama. Nzivo alilisikiliza, hakuona kitu, akapandisha skrubu, likakaa. Mwalimu alifurahi, akamletea maembe.

"Nayo ilikuwa inalia?" Nzivo aliuliza.

Mbuthia alitikisa kichwa kukubali.

"Ukaisikia?"

"Niliiskia. Lakini gari ya mtu..." Akakikunja kitambaa. "Nilidhani unajua, mzee. Nani angedhani wewe hujui?"

Nzivo hakumlaumu. Sheria ile aliitunga yeye mwenyewe na wenzake, akaisifia. Alitazama jua. Wanafunzi walikuwa karibu kutoka shuleni. Akatoa simu, akatafuta jina, akapiga, akaibana sikioni kwa nguvu kama vile nguvu ndiyo iliyokuwa ikikosekana. Ndani mlikuwa na mvumo tu. Hakujua kama inaita, kama imeshikwa, kama kuna mtu anayesema halo, halo. Akampa Mbuthia.

"Niambie akishika."

Mbuthia akaiweka sikioni, akangoja, na Nzivo akamwangalia mdomo. Uwanja uliendelea na kazi zake, vyuma vikigongwa, naye hakusikia hata kimoja kwa jinsi alivyokuwa akiuangalia ule mdomo. Hatimaye ukafunguka.

"Ameshika. Bado yuko shuleni. Gari iko getini."

Nzivo akainyakua simu.

"Mwalimu, ni Nzivo, fundi wako. Usiliendeshe gari. Usimpakie mtoto yeyote. Nilikukabidhi likiwa na kasoro, breki zinaweza kukataa. Masikio yangu yameharibika na nilijua yanaharibika, nikanyamaza. Nakuja hapo sasa hivi, nakuja na fundi anayesikia, aliyelisikia likilia wiki jana." Akakumbuka kwamba jibu litakuja na hatalipata, akamrudishia Mbuthia simu.

Mbuthia alisikiliza. Alisikiliza kirefu. Kisha alisema jambo, lakini alilisema akiwa ameinamisha kichwa, macho yako chini kwenye mafuta yaliyomwagika, na Nzivo hakuona kitu.

"Inua uso," Nzivo alisema. "Sijakusikia."

Mbuthia akainua uso.

"Anauliza, kama tulijua, kwa nini hatukumwambia."